Kiti cha Kwenda Mbinga

Mama yangu alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu wa kumwamkia. Wakubwa zake wengine wote walikwishazikwa, na kila tulipotoka makaburini alikuwa akisema, "Haya, shikamoo yangu imepungua tena." Hapa Ruhuwiko, Songea, tunapoishi yeye ndiye bibi wa mtaa. Anayekwenda shule, anayepeleka mahindi mashineni, anayetoka misa ya asubuhi, wote wanamwamkia kutoka barabarani, naye anaitikia marahaba mpaka jua linazama. Lakini shikamoo yake mwenyewe ilibaki na mahali pamoja pa kwenda: kwa dada yake, mama yangu mkubwa, aliyeishi milimani kupita Mbinga, kwenye njia inayoshuka Nyasa.

Tatizo lilikuwa njia yenyewe. Mama hapatani na gari tangu ujana wake. Mimi nimerithi ugonjwa huo, ila kwangu ulikuja nusu. Kwake ulikuja mzima. Tumejaribu limao, tumejaribu ganda la chungwa, tumejaribu kukaa kiti cha mbele na kufunga tumbo kwa kanga. Mara ya mwisho kwenda kwa dada yake, miaka sita nyuma, alitapika mpaka akazimia karibu na Kigonsera, akawekewa dripu kwenye zahanati, na daktari akaniambia mimi, siyo yeye, kwamba kwa umri ule, huo si mchezo tena. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu navyo vilimlaza siku mbili. Alipoamka alikuwa anamgombeza baba yangu kwa kutofunga mbuzi, na baba alikuwa marehemu wa miaka mingi. Akaapa hatavimeza tena. Mama akiapa, ameapa.

Simu haikusaidia kitu. Masikio ya mama mkubwa yalikuwa yamekufa kabisa. Ukitaka akuelewe ilibidi usimame mbele yake akuone mdomo na mikono. Kwa hiyo dada na mdogo wake waliishi miaka sita wakitumiana salamu kupitia watu wanaosafiri, pamoja na kahawa ya kutoka kule na karanga za kutoka huku.

Mwezi wa nane mjukuu wa mama mkubwa, binti mtu mzima aliyekuwa akimuuguza, alinipigia simu. Alisema bibi hawezi tena kusimama, chakula anakionja tu. Kisha akasema, "Mama mdogo, bibi hataki salamu za kutumwa. Anasema mdogo wake aje amwamkie mwenyewe."

Nilimfikishia mama maneno hayo jikoni. Alikuwa anachambua matembele. Hakulia, alifuta mikono na kuniuliza tunaondoka lini.

"Hatuondoki," nikamwambia. "Unataka nikuzike njiani?"

Ndivyo nilivyo. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nimezoea kuongea na watu arobaini kwa mkupuo, na hata nikiwa na mtu mmoja jikoni sauti haishuki. Wenzangu shuleni wananiogopa kidogo na mimi sijafanya juhudi ya kuwaondolea hofu hiyo.

Wiki ileile nilikuwa nafundisha kidato cha sita mwendo wa duara. Mada hiyo naipenda, maana ndiyo peke yake inayonirudisha kwenye ndoto yangu ya usichana, ya kufanya kazi na watu wanaotuma vyombo angani. Ndoto hiyo iliishia kwenye ubao na chaki, na sisemi zaidi. Niliwaeleza wanafunzi kwamba mtu akikaa angani muda mrefu bila uzito, mifupa na misuli yake hulegea. Ndiyo maana wapo wanaofikiria kujenga chombo kikubwa kinachozunguka, ili mzunguko umbane mtu kwenye sakafu, asimame, atembee, amwage maji kwenye kikombe na maji yashuke. Uzito wa kutengeneza, nikauita.

Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, lakini hawatatapika?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hilo ndilo swali lenyewe. Wanatapika. Ndani ya kila sikio tuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, na majimaji hayo ndiyo yanayouambia ubongo kichwa kimegeukia wapi. Mtu aliye kwenye chombo kinachozunguka, akikaa kimya na kichwa chake wima, hana shida. Akigeuza kichwa au akikiinamisha, mizunguko miwili inagombana ndani ya sikio. Sikio linasema tunabiringika, macho yanasema chumba kimetulia, na tumbo ndilo linaloadhibiwa. Nikawaambia kwamba dawa inayotafutwa si kidonge tu. Unamweka mtu kwenye kiti kinachozunguka, unaanza polepole mno, unamgeuzisha kichwa kidogo, unaacha kabla hajachefukwa, kesho unaongeza kidogo. Baada ya siku nyingi mwili unajifunza na kunyamaza.

Niliposema maneno hayo nikasimama na chaki mkononi. Wanafunzi walidhani nimesahau somo.

Jumamosi nilikwenda Majengo kwa fundi wa kuchomelea ambaye hutengeneza mageti. Nilimchorea ninachotaka: kiti cha chuma chenye mgongo na mikono, kikae juu ya hapu, kile kitovu kinachozungusha gurudumu, ya gari bovu, beringi ziwe nzima, chini pawe na miguu minne mipana, na pembeni litokee bomba la kusukumia. Fundi aliuangalia mchoro akakuna shingo.

"Mwalimu, hiki ni cha saluni?"

"Cha kwenda Mbinga."

Hakuuliza tena. Alinitengenezea vizuri, akapaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mtu.

Tulikiweka barazani. Mama alikizunguka mara mbili kwa miguu yake kabla ya kukaa, akasema mimi na elimu yangu tutamuua. Kisha akakaa, akatoa rozari, na tangu siku hiyo rozari ikawa ndiyo saa yetu. Mzunguko mmoja kwa Salamu Maria moja, polepole, macho yamefumbwa, kichwa wima. Ukweli ni kwamba alipoogopa alisali haraka, na mimi nilifuata sala yake, hivyo siku za mwanzo alijiongezea mwendo mwenyewe bila kujua. Ilinibidi nimwambie asali kama yuko kanisani, siyo kama anafukuzwa.

Siku ya nne akaharibu kila kitu. Nilikuwa namzungusha, ameshamaliza Salamu Maria sita, uso umetulia, nami moyoni nimeanza kujisifu. Jirani yetu fundi cherehani, mzee wa Kiislamu aliyehamia kutoka Namtumbo, akapita nje ya ua na baiskeli yake, akasema kwa sauti, "Shikamoo mama!" Mama akafumbua macho, akageuka kuitafuta sauti, akainamisha kichwa kama anavyofanya siku zote, akasema, "Marahaba, baba." Neno lilitoka pamoja na uji wa asubuhi.

Nilimfokea yule mzee wa watu pale pale getini. Nilimwambia haoni kuna kazi inafanyika? Akashika baiskeli yake amenywea, akasema, "Nisamehe mwalimu, nilikuwa nasalimia tu."

Mama alikuwa ameinama na beseni mapajani. Akanyanyua mkono kuninyamazisha.

"Usimfokee. Kosa lake nini?"

"Nilikwambia usigeuze kichwa!"

"Sasa nimwache mtu na shikamoo yake mdomoni?"

Nilifua kanga yake nikiwa bado nimekasirika, nikawaza kwamba wale wanaobuni vyombo vya kuzunguka hawajawahi kumfikiria mtu wa Songea ndani yake. Wao wanamwambia abiria atulize kichwa. Kwetu mtu hatulizi kichwa. Anaposalimiwa anageuka amwone anayemsalimia, anainamisha kichwa kidogo, na asipofanya hivyo mtaa mzima utasema ameanza kuringa au ameanza kufa. Nilikuwa nimebakiza kukamua pindo moja nilipoelewa kwamba nina dawa mkononi. Kugeuka na kuinamisha kichwa ndiko hasa ninakotakiwa kumfundisha. Marahaba moja ni kipimo kimoja.

Nilikwenda kwa fundi cherehani kumwomba radhi, jambo ambalo silifanyi mara nyingi na silifanyi vizuri. Nikamwomba pia kazi. Kuanzia kesho yake, saa kumi na moja jioni, alikuja kusimama barazani kwetu na kofia yake. Nilimzungusha mama, na kila alipofika mbele yake mzee alisema shikamoo, mama akageuka, akainama, akaitikia. Siku ya kwanza moja tu, tukaacha. Siku ya pili mbili. Wiki ya pili mtaa ulikuwa umeshajua, na watu wakaanza kuja wenyewe: mama anayeuza vitumbua, katekista wa kigango, walimu wenzangu wawili waliokuja kunicheka wakaishia kupanga foleni. Walisalimia kwa zamu. Katekista yeye alichomekea "Tumsifu Yesu Kristo" katikati, na mama akamjibu "Milele amina" huku anazunguka, baraza zima likacheka. Mama mwenyewe alicheka akasahau kuchefukwa.

Sikumbuki jioni nyingine nilizokuwa na furaha kama zile. Nalisema sasa maana baada ya hapa furaha hiyo haipo tena.

Ukimzungusha mtu kwenda kulia, aliyesimama anamtokea kwa kulia. Ukimzungusha kwenda kushoto, anamtokea kwa kushoto. Mimi nilianza kulia kwa sababu bomba la kusukumia lilikaa vizuri mkononi upande huo. Wiki ya tatu nikasema leo tubadilishe. Nilisukuma kushoto, mama vitumbua akatokea kwa kushoto akaamkia, na mama yangu akakaza shingo, hakugeuka.

"Simamisha," akasema.

"Umechefukwa?"

"Simamisha nimekwambia. Salamu haipokelewi kwa kushoto. Huko ni kwa mkono wa chooni. Mtu ananiheshimu, mimi nimgeuzie upande huo?"

Nilimweleza kwamba anayepokea ni sikio, siyo mkono. Nilimweleza kwamba mwili uliojifunza kuzungukia kulia haujajifunza kuzungukia kushoto, kwamba hayo ni masomo mawili. Nilikuwa nimeyasoma hayo na nilikuwa nimeyaandika ubaoni kwa mkono wangu. Akasema kama ni hivyo, basi yeye atakuwa mwanafunzi wa somo moja. Watu walikuwa wanasubiri na mama vitumbua alikuwa amesimama hajui aende au abaki. Kumbishia mama mbele za watu ni kitu ambacho hata mimi na mdomo wangu sikiwezi. Nikageuza bomba, nikasukuma kulia. Nilijiambia tutarudia siku nyingine tukiwa wawili. Hatukurudia. Kila jioni alikuwa anaongeza salamu mbili, tatu, na mimi nililewa na kuongezeka huko.

Mwezi wa tisa ulipoanza mama alifikisha salamu ishirini, kwa mwendo wa mzunguko mmoja kwa nusu Salamu Maria. Akasema inatosha, twende. Nikasema bado, tufike hamsini. Alipofika thelathini na tano akasema tena, "Mwanangu, nikitapika nitatapika. Ndoo zipo." Nikamwambia wiki mbili zaidi. Nilitaka ashuke kwa dada yake amesimama wima, kanga safi, hajatapika hata mara moja. Nikijiuliza leo nilikuwa namtakia nani hivyo, jibu silipendi. Nadhani nilitaka kuona kama inawezekana. Nilikuwa nimepata chombo changu cha angani barazani, na abiria wangu, na sikutaka kukiangusha kabla ya wakati.

Simu ya pili iliingia Jumatano nikiwa ofisini kwa walimu. Mjukuu hakueleza mengi. "Mama mdogo, kama mnakuja, mje kesho."

Mwalimu mwenzangu mmoja alituazima gari lake na dereva wake. Tuliondoka asubuhi, mama kiti cha mbele, mimi nyuma yake, ndoo miguuni mwangu, limao kwenye mfuko wa koti. Alivaa kanga mpya ya doti na kitambaa cheupe kichwani. Kwenye mkoba alikuwa na karanga.

Mpaka Kigonsera hatukuwa na neno. Njia inakwenda kwa upole na dereva hakuwa na haraka. Kona ya kwanza kali ilikuwa ya kulia. Nilimwona mama anainamisha kichwa kidogo kuifuata, nikamsikia kwa sauti ya chini kabisa, "Marahaba." Gari likanyooka. Alikuwa mzima. Dereva akanitupia jicho kwenye kioo nami nikatabasamu mwenyewe kule nyuma. Nakumbuka nilitabasamu.

Kona ya pili ilikuwa ya kushoto.

Mkono wake ulishika dashibodi, na shingo ikakaza vilevile ilivyokaza barazani siku ile. Kisha ya kulia, akatulia, marahaba. Kisha ya kushoto, na sasa jasho likamtoka kwenye utosi likalowanisha kitambaa. Pale nikaelewa. Nilikuwa nimemfundisha nusu ya barabara.

Kupita Mbinga ile njia haina sehemu nyoofu. Inapanda na kushuka kati ya mashamba ya ngoro, yale yaliyochimbwa mashimomashimo, na ya kahawa, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kona za kulia alizipita kama mtu aliyekaa kanisani. Za kushoto zilimpiga. Tulisimama mara tano, labda sita. Kila tuliposimama nilimshusha, nikamkalisha kwenye jiwe, nikamnawisha uso. Mara moja nikamwambia tupumzike hapa saa nzima. Akanitazama kwa macho mekundu.

"Nani hawezi kusubiri, mwalimu? Mimi au yeye?"

Nikampandisha. Alitapika uji, akatapika maji, kisha akawa anatapika nyongo tu. Safari ya saa tatu ilichukua siku nzima.

Tulifika jua limeegemea mlima. Mjukuu na jirani yake mmoja walimbeba mama kutoka garini wakiwa wamepeana mikono chini yake. Kanga mpya ilikuwa imeharibika. Chumbani mama mkubwa alikuwa kitandani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, blanketi limefika kidevuni, macho mlangoni. Kitanda kilikuwa kirefu kwenda juu, cha mbao, cha zamani. Walimlaza mama kwenye mkeka chini kando ya kitanda hicho, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine na kwa sababu kila alipoinuliwa kichwa tumbo lilimrudia.

Kwa hiyo walikuwa chumba kimoja, mkono mmoja kutoka kwa mwenzake, na hawakuonana. Mama alikuwa amefumba macho na kuyabana. Mama mkubwa, ambaye hakusikia kitu, aliona watu wameingia na watu wanainama, akauliza, "Mdogo wangu yuko wapi? Hakuja?" Nikamwonyesha kwa kidole chini. Nikamwonyesha tena. Alijaribu kusogea ukingoni achungulie, shingo ikagoma, akarudi kwenye mto.

"Shikamoo, dada," mama akasema kutoka chini.

Sauti ilikuwa nyembamba lakini nzuri, yenye adabu yote. Macho yamefumbwa, mkono mmoja umeuinua kidogo juu ya mkeka. Mama mkubwa alikuwa anatazama mlango.

"Shikamoo, dada."

Mimi na mjukuu tulijaribu kumnyanyua mama, yeye kwapa hili, mimi lile, ili tu uso wake ufike usawa wa kitanda. Alitapika kwenye mikono yangu. Mama mkubwa aliona mgongo wangu, aliona kuna mtu anahangaika huko chini, nadhani akaelewa nusu. Alisema, "Mwacheni apumzike. Tutaonana kesho." Alisema kwa kilio cha mtu mgonjwa anayejikaza. Mama hakuwa na nguvu hata ya kusikia vizuri. Kilichomfikia ni kwamba dada ametoa sauti.

Akanishika kifundo cha mkono. "Ameitikia?"

Mjukuu alikuwa amesimama kando yangu na kitambaa cha kufutia. Tulitazamana.

"Ameitikia, mama," nikasema. "Amesema marahaba."

"Kasemaje?"

"Kasema, marahaba mdogo wangu."

Uso wake ukalegea. Alilala pale pale, na mimi nikamfunika kwa kanga yangu. Nilijiambia haidhuru, asubuhi atakuwa amepona, kizunguzungu hiki hakidumu, ataamka, atasimama mbele ya kitanda, ataamkia upya na ataitikiwa kweli, na uongo wangu utakuwa umefutika bila mtu kuudai. Nilikuwa na hakika. Somo hilo nalijua.

Na kweli asubuhi mama aliamka mzima. Kichwa kilikuwa kimetulia, akaomba maji ya kunawa, akauliza mbona watu wanatembea kwa ncha za vidole. Mama mkubwa alikuwa ameondoka alfajiri. Wanawake wawili walikuwa wameshamfunga kidevu.

Mama alisimama mbele ya kile kitanda wima, kama nilivyotaka mimi. Alipiga goti taratibu na kuinamisha kichwa, lakini hakusema shikamoo. Akainuka kwa kushika ukingo wa kitanda, akanigeukia.

"Angalau jana aliitikia," akasema. "Namshukuru Mungu, nilimwahi."

Mjukuu alitoka nje. Mimi nilibaki nimeshika beseni.

Tulimzika siku iliyofuata. Mama alikaa kule mpaka mwezi wa kumi na moja, halafu nikamrudisha kwa siku mbili, tukilala Mbinga njiani, na alitapika kwenye kona zilizokuwa za kulia wakati wa kwenda, maana sasa zilikuwa zimegeuka za kushoto. Hakulalamika. Alisema sasa hana haraka ya kwenda popote.

Mjukuu hunipigia simu mara mojamoja. Tunaongea mvua na bei ya mbolea. Hajawahi kuniuliza na mimi sijawahi kumwomba anyamaze. Mara nyingi nimejiandaa kumweleza mama. Nimeandaa hadi maneno ya kuanzia. Nafika barazani, nakuta ameshika rozari, ananiuliza nimekula, na ninasema nimekula.

Shuleni mwaka huu nimeifundisha tena mada ile. Nilichora chombo, nikachora sikio, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba mtu azungushwe pande zote mbili, kulia na kushoto, tangu siku ya kwanza. Nikapiga mistari miwili chini yake. Mwanafunzi mmoja akauliza kama itatoka kwenye mtihani. Nikamfukuza darasani, halafu nikamfuata nje nikamrudisha.

Kiti bado kipo barazani. Nilitaka kumrudishia fundi akatumie chuma, mama akakataa. Jioni anakikalia kama kiti cha kawaida, na siku akijisikia anasema, "Nizungushe kidogo." Wiki iliyopita fundi cherehani, aliyekuwa kwao Namtumbo miezi yote hiyo, alipita na baiskeli yake nikiwa namzungusha mama. Aliingia akasimama mahali pake pa zamani, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Cherehani inasemaje?"

"Haijambo. Nilisikia habari ya dada yako. Pole sana."

"Tumeshapoa. Kila mtu ana siku yake." Mzunguko ukampitisha, akarudi tena mbele yake, kwa kulia. "Lakini nilimwahi, baba. Nilimwamkia, akaniitikia kwa mdomo wake. Muulize huyu mwanangu, alikuwepo, alisikia. Mimi ningefia njiani. Bila hiki kiti chake nisingeitikiwa."

Mzee wa watu akanigeukia akanipa mkono, akasema Mungu anilipe. Nilimpa wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa umeshika bomba, nikaendelea kusukuma.